Msimu wa Gome la Mninga

Ushirombo, 9 Novemba

Mvua ya kwanza. Ilitanguliwa na harufu ya udongo, kisha upepo, kisha matone mazito juu ya bati. Nilisimama kibarazani nikaacha yanirukie miguuni. Kila mwaka siku hii najisikia kama mtu aliyeamshwa taratibu.

Mume wangu Denis alifika katikati ya mvua hiyo akiwa na mama yake. Huko Rwamgasa wachimbaji wamefukua shimo karibu mno na jiko la mama, ukuta umepasuka toka juu hadi chini, na Denis hataki mama alale pale mvua zikichanganya. Atakaa na sisi mpaka zitakapoisha. Mama alishuka na kiroba cha karanga, jembe, na sufuria kubwa iliyokolea masizi.

Nilipiga goti nikamwamkia. "Marahaba, Mwalimu," akaitikia. Tangu harusi yetu ananiita hivyo, Mwalimu, kama mzazi aliyekuja shuleni kuulizia mtoto wake. Siku ile ya harusi hakunitazama usoni hata mara moja. Alitazama mikono yangu, yenye madoa na mipasuko, kisha akatazama chini. Nimezaliwa na ualbino, macho ya watu nimeyazoea toka utotoni. Ya mama mkwe sijayazoea.

Denis amerudi Bugarama jioni hii hii. Anaendesha lori mgodini, huwa anakuja mwisho wa mwezi. Tumebaki wawili, mimi na mama mkwe, Mama Martina, na mvua.

14 Novemba

Kumbikumbi wametoka. Mama amewakaanga kwa chumvi. Tumekula bila kuzungumza, lakini tumemaliza sahani.

20 Novemba

Leo nimerudi kutoka kusimamia mtihani nikiwa nawashwa mikono yote. Mvua ikikatika kidogo jua la huku linakuwa kali kuliko la kiangazi, na ngozi yangu inapasuka kama tope la bwawa linalokauka. Nilikaa sebuleni najikuna nikidhani niko peke yangu. Mama alikuwa mlangoni.  Alichukua panga akatoka kuelekea msituni, nyuma ya shamba la misheni.

Aliporudi alikuwa na vipande vya gome vilivyofungwa kwenye majani, vinadondosha utomvu mwekundu. Kwa sekunde moja nilidhani amejikata. "Ni mninga," akasema. Aliniambia huwa anabandua upande mmoja tu wa mti, tena kidogo, kisha anapaka tope pale alipobandua, mti usikauke. Akalichemsha gome kwenye ile sufuria nyeusi mpaka maji yakawa mekundu ya kuiva, akayachuja kwa kipande cha kanga, akayarudisha motoni yapungue, ndipo akachanganya na samli. Nyumba yote ilijaa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Labda mbao mbichi na maziwa.

"Lete mkono," akasema.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wasijipake kitu wasichokijua. Nikatoa mkono.

Vidole vyake ni vigumu, vya jembe, lakini vilipita taratibu, kuanzia kiganjani kupanda begani, kila ufa, kila doa. Hakuruka mahali. Alikuwa anaimba kwa ndani, wimbo wa Kisukuma wa watu wa kulima, na nje mvua ilikuwa imerudi. Denis ananishika, ndiyo, lakini mume anashika mke. Sikumbuki mtu aliyewahi kuishika ngozi yangu kwa ajili ya ngozi yenyewe. Nilisinzia nikiwa nimekaa.

21 Novemba

Mikono haiwashi. Nimelala usiku kucha.

30 Novemba

Denis kaja. Kacheka kuona mkewe amekuwa mwekundu kama uji wa ulezi. Mama naye kacheka. Sikujua kama ana mwanya.

4 Desemba

Kila alasiri sasa, saa ya mvua, tunakaa kibarazani na kikopo cha gome. Leo Mama kaniuliza kama shuleni tunafundisha habari za miti. Nikamwambia kwamba ndani ya gome kuna kemikali ambazo mti unazitengeneza kujilinda. Oksijeni hii tunayoivuta inatuweka hai, lakini pia inaharibu: inatia chuma kutu, inachachisha mafuta, inazeesha ngozi, na jua linaiongezea nguvu. Zile kemikali za gome zinaipokea hiyo hasira kabla haijafika kwenye kitu chenyewe. Zinajitoa zenyewe ziharibike.

Alikoroga kikopo kwa kidole. Kisha akaniuliza kama nina uhakika mti unajua kufanya hayo yote. Nikasema haujui, unafanya tu. Akasema basi ni kama mama.

Nimeweka samli kwenye vikopo viwili, kimoja samli tupu, kingine imechanganywa na maji ya gome yaliyokolea. Nataka kuona ipi itachacha kwanza.

13 Desemba

Shule zimefungwa. Leo tumekwenda msituni kutafuta uyoga, yeye mbele na mimi nyuma, na sina hakika kama nilikuwa macho au naota. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magoti. Miti ilikuwa imelowa ikawa myeusi, na majani machanga yanang'aa kijani ambacho macho yangu, yanayoona vibaya kwa mbali, yalikiona kama taa zilizotundikwa. Uyoga umeinua udongo kila mahali. Mama alikuwa anaulizia habari za kila mti kama anaulizia watu wa ukoo: huyu naye kachipua, yule kapigwa na radi.

Alinionyesha mninga wake. Pale alipobandua pamefunikwa na tope, na pembeni ya tope utomvu umeganda. Niliweka kiganja changu pale. Kofia yangu ya jua nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nilikumbuka katikati ya safari, nikajiambia kuna ukungu, na sikurudi.

Wakati wa kurudi niliteleza kwenye korongo, akanidaka kiunoni. "Angalia, ng'wanone," akasema. Mwanangu. Aliendelea kutembea kama hajasema kitu. Mimi nilitembea mpaka nyumbani sijui nakanyaga wapi.

25 Desemba

Misa, wali, kuku. Nimevaa gauni la mikono mifupi, la kwanza tangu niwe mtu mzima.

9 Januari

Vikopo vimejibu. Samli tupu inanuka, imechacha kabisa. Ile yenye gome bado ni nzuri, ningeweza kuungia mboga. Nilimletea Mama anuse zote mbili akafurahi, akaita na mama wa jirani aje anuse.

Usiku nimekaa nikifikiri. Najua samli si ngozi. Kinachozuia mafuta kuchacha ndani ya kikopo hakijathibitishwa kwamba kinaweza kusimama kati yangu na jua la saa saba. Mwanafunzi akiniandikia hivyo kwenye mtihani nampa sifuri. Lakini mikono yangu imekuwa laini, shingo haina mipasuko, na mafuta yangu ya kukinga jua yaliisha kabla ya Krismasi, nami sijaenda kliniki kuchukua mengine. Kila siku nasema kesho.

Kuna kipele chini ya sikio la kushoto. Mama anakipaka zaidi ya kwingine. Anasema kinakauka.

20 Januari

Shule imefunguliwa. Nimekosana na Febronia.

Yeye anafundisha baiolojia, na kwa miaka yote niliyokaa hapa ndiye rafiki yangu wa ofisi ya walimu. Leo alivuta kiti akakaa upande wangu wa kushoto, akatazama bila kuficha. Aliuliza kile kitu chini ya sikio kina muda gani. Nikasema ni kipele. Akasema kipele hakiwi na ukingo wa namna ile, na kwamba mimi, zaidi ya mtu yeyote pale shuleni, ninajua kinaitwaje. Kisha akauliza kofia yangu iko wapi.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ana wivu, kwamba hajazoea kuniona na ngozi nzuri. Alinyanyuka akarudi mezani kwake. Uso wake haukuonyesha hasira, na hilo ndilo linanisumbua hadi sasa.

Alasiri nilikaa kibarazani kama kawaida. Mama alipofika chini ya sikio vidole vyake vilisimama kidogo, kisha vikaendelea. Nilitaka kuuliza. Wimbo wake ulikuwa mzuri, mvua ilikuwa nzuri, nikafumba macho.

31 Januari

Denis hakupata ruhusa mwezi huu. Mvua siku nzima.

7 Februari

Mvua imesimama. Mahindi yamejikunja. Jua, jua.

13 Februari

Bado jua. Natembea kwenda shule naona barabara inaelea. Kipele kina gamba la wekundu wa gome, na chini ya gamba kuna kitu kinapiga kama moyo mdogo. Hakiumi sana. Nimeota kwamba mimi ni mti na Mama ananibandua upande mmoja tu, kidogo, akisema usiogope, nitapaka tope.

22 Februari

Nitaandika yote.

Leo kanisani, tulipokuwa tumesimama kwa Injili, nilihisi maji ya moto yanashuka shingoni. Nilidhani ni jasho. Febronia alikuwa benchi la nyuma. Alisogea, akaniwekea leso yake shingoni, akanishika mkono tukatoka nje wote wawili. Leso ilikuwa imelowa damu. Hakunikumbusha kitu. Alisema tu, "Twende nyumbani, dada."

Denis alikuwa amefika asubuhi ile, tulimkuta anaosha miguu. Aliona leso akasimama na maji yakimwagika. Febronia alichemsha maji akaweka chumvi, akaniosha yeye mwenyewe. Wekundu wa gome ulitoka na gamba likatoka, na Denis aliyekuwa ameshika taa alivuta pumzi. Nilichukua kioo. Kilikuwa kidonda kipana kuliko sarafu, kingo zake zimeinuka, katikati pamechimbika.

Mama Martina alikuwa amesimama mlangoni na kikopo chake mkononi.

"Mama, umempaka nini mke wangu?" Denis akauliza. Sijawahi kumsikia akisema na mama yake kwa sauti ile.

Nikamwambia asimseme mama. Nikamwambia yeye hajasoma, mimi nimesoma, na nilijua tangu Januari. Denis akaniuliza kama nilijua, kwa nini nilikaa kimya.  Jibu nalijua, ila si la kusema mbele ya watu. Kama ningekwenda hospitali, alasiri zile zingekwisha. Ningerudi kuwa Mwalimu.

Mama alikuja akakaa chini kwenye mkeka. Akasema tumalizie mvua hizi, kitakauka, yeye anakiona kinakauka. Nikashuka kitini nikakaa naye.

"Hakikauki, mama. Kinafunikwa."

"Wakikukata hutarudi," akasema. "Nimewaona waliopelekwa Mwanza. Wamerudi wamefunikwa shuka."

"Na nisipokatwa pia sitarudi."

 Aliweka kikopo chini, akaondoka kwenda chumbani kwake. Denis lazima arudi kazini kesho, hawatampa siku nyingine. Nitakwenda peke yangu.

23 Februari

Niliamka alfajiri kufunga begi. Mama Martina alikuwa amekaa mlangoni, amevaa kitenge chake cha kanisani, viatu amevishika mkononi.

"Basi linapita saa ngapi?" akauliza.

25 Februari, Mwanza

Tulivuka ziwa kwa daraja jipya. Mama mara ya mwisho alivuka kwa kivuko, akiwa na mimba ya Denis. Alinishika goti muda wote mpaka tukafika ng'ambo, na maji yalikuwa kila upande, ya rangi ya risasi, yametulia kiasi kwamba basi lilionekana kama limesimama na ulimwengu ndio unapita.

Daktari ni mwanamke, anaitwa Rebeka, mpole wa maneno. Alinitazama mwili mzima, hata nyuma ya masikio na kati ya vidole. Alisema ni saratani ya ngozi, ya aina inayotupata sana watu wa ualbino, na kwamba atakitoa kidonda hicho kesho. Alipokuwa anaandika, Mama alimuuliza swali ambalo nadhani alilibeba toka Ushirombo.

"Daktari, ni mimi niliyemfanyia hivi?"

Daktari aliweka kalamu. Akamwambia jua ndilo lililofanya, jua la miaka mingi, toka utotoni. Akasema anaona ngozi ya mikono ilivyo laini na haibezi kazi ya gome. "Lakini hapa halikuwa na kazi, mama. Na rangi yake ilikificha kidonda."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamwomba amfundishe namna ya kukitambua. Daktari alisogeza kiti, akamwonyesha kwenye shingo yangu, kwa kidole: ukingo ukiinuka, damu isiyokoma, kisichopona baada ya mwezi. Mama alirudia kila kitu kwa Kisukuma kwa sauti ya chini.

26 Februari

Imekwisha. Nilikuwa macho, wamenitia ganzi shingoni tu. Nilisikia mkasi na nikaona pazia la bluu, nikawaza msitu wenye ukungu.

11 Machi

Majibu ya maabara: wamekitoa chote. Narudi kila baada ya miezi mitatu. Nimepewa mafuta mapya ya kukinga jua na kofia pana kuliko ile ya zamani.

Nimemwomba Febronia msamaha. Alisema anataka leso yake irudi ikiwa safi. Tukacheka mpaka wanafunzi wakachungulia dirishani.

15 Machi

Mvua zimerudi, za mwisho. Alasiri nilikaa kibarazani nikasubiri. Mama alikuwa anapepeta mchele. Niliingia ndani nikamwambia mikono imeanza kukauka tena, kwamba daktari hakukataza gome kwenye ngozi isiyo na kidonda, nikanyoosha mkono. Alitazama mkono kama alivyoutazama siku ya harusi, na safari hii nilikuwa karibu kuona kwamba yale macho ni ya woga. Labda yalikuwa ya woga tangu siku ile.

"Niache kwanza," akasema.

20 Machi

Mama ameondoka kabla ya msimu kwisha. Denis amejenga upya ukuta wa jiko, na Mama anasema karanga zake hazina mtu. Nilimsindikiza stendi.  Nyumba imekuwa kubwa.

2 Aprili

Manyunyu. Nimesahihisha mitihani.

11 Aprili

Leo Jumamosi, mvua nyepesi tangu asubuhi, ya kumalizia. Mchana nimesikia hodi. Ni mwanamke kijana nisiyemjua, amelowa, amebeba mtoto mgongoni chini ya mwavuli. Anaitwa Elieth, ametoka Rwamgasa kwa mabasi mawili. Nilimkaribisha, nikampa kanga kavu na chai.

Alipomfungua mtoto niliona nywele kwanza, nyeupe kama zangu. Ni msichana, Paskazia, hajaanza kutembea.

Elieth alieleza kwa aibu, kikombe kikiwa kifuani. Mume wake ni mchimbaji, amekwenda machimbo mengine tangu mtoto azaliwe. Majirani wengi walikuja na ushauri, huyu na mafuta, yule na mzizi. Akaja Mama Denis, ndivyo wanavyomwita Mama Martina kule. Alimvua mtoto nguo zote, akamtazama mwili mzima, mpaka nyuma ya masikio na kati ya vidole, akamuonya mama mtu asikubali mkono wa mtu yeyote umpake chochote kabla hajafika hapa.

"Akasema nikuulize habari za kliniki, na kofia, na namna ya kumwangalia," Elieth akasema. "Akasema nije kwa binti yake Ushirombo."

Nilimwomba arudie. Akarudia: kwa binti yake.

Nilimchukua mtoto. Alikuwa na joto la usingizi, na macho yake yalicheza huku na huku yakitafuta mahali pa kutua, kama yangu. Nilimwambia Elieth kwamba gari la kliniki linakuja wilayani mwezi ujao na tutakwenda pamoja. Nilimwonyesha kovu langu. Alilitazama kwa muda, kisha akatazama vitabu mezani, akauliza ninafundisha nini. Nikasema kemia.

 Alikunywa chai yake. Paskazia alilala mapajani mwangu, amenishika kidole, na mvua ilipokatika kabisa hakuna aliyetaka kunyanyuka kwanza.